Lubumbashi: Akwariumu inayong'aa si akwariumu iliyo tayari

Baridi ya Juni na Julai ikishapita na joto la Septemba likirudi, depo nyingi za Lubumbashi zinafunguliwa. Watu wanatoa viti vya plastiki, masufuria makubwa ya harusi, mabati yaliyobaki. Katika baadhi ya nyumba, mikahawa, saluni na ofisi, kinatolewa pia kitu kilicholala pale tangu mwaka uliopita au zaidi: akwariumu, lile sanduku la kioo la kufugia samaki. Imejaa vumbi, na ndani yake kuna mstari mweupe wa chokaa unaoonyesha maji yaliishia wapi.

Yanayofuata yanajulikana. Jumamosi asubuhi watoto wanaagizwa kuiosha kwa sabuni ya unga na eponji ya chuma. Saa sita kioo kinang'aa. Saa nane inajazwa maji ya robine au ya foraji. Jioni samaki wanaingia, na Jumapili wageni wakitoka kanisani wanakuta sebule imependeza. Jumatano samaki wawili wanaonekana juu ya maji wakipumua kwa nguvu. Ijumaa hakuna aliyebaki. Ndipo maelezo yanaanza: muuzaji alitoa samaki wagonjwa, maji ya mji yameharibika, jirani ana jicho baya. Wiki inayofuata akwariumu inarudi depo.

Mara nyingi muuzaji hana kosa, na jirani vilevile. Samaki wameuawa na usafi, kwa sababu usafi huo ulipimwa kwa macho tu. Kioo kiling'aa, watu wakaamini kazi imekwisha. Lakini samaki haishi ndani ya kioo, anaishi ndani ya maji, na mambo yanayomuua katika maji karibu yote hayaonekani. Katika mji kama Lubumbashi, uliozaliwa mwaka 1910 kwa sababu ya shaba na ambao hadi leo unaishi kwa madini, hilo ni somo ambalo lingefaa kujulikana hata na watu ambao hawatafuga samaki maisha yao yote.

Iliingia depo kwa sababu gani?

Kabla ya kushika eponji, mwenye akwariumu angejiuliza swali moja: ilitolewa sebuleni kwa nini? Lubumbashi majibu ni machache. La kwanza ni umeme. Siku za delestaje pompu inasimama, maji yanakosa hewa, na kifaa cha kupasha maji joto kinazimika. La pili ni baridi. Mji uko kwenye mita zaidi ya 1,200 juu ya bahari, na usiku wa wakati wa kiangazi joto linaweza kushuka chini ya digrii 10. Samaki wengi wanaouzwa kwa ajili ya akwariumu, wakiwemo wale wa Ziwa Tanganyika, wanataka maji ya digrii 24 hadi 27. Usiku mmoja wa Julai bila umeme unatosha kuwadhoofisha.

La tatu ni uchovu. Aliyeinunua alikuwa na shauku, kisha kazi ya kubadilisha maji ikawaangukia watoto au mtumishi wa nyumba, na mwishowe hakuna aliyeitaka tena.

Sababu hiyo ikiwa bado ipo, kuosha kioo hakutabadilisha kitu. Nyumba ambayo umeme unakatika kila siku inaweza kufuga samaki, lakini wawe wachache katika maji mengi, iwepo pompu ndogo ya hewa inayotumia betri, na blanketi la kufunika kioo wakati wa baridi. Umeme ukikatika, samaki wasipewe chakula, maana chakula kisicholiwa kinaoza na kula hewa iliyobaki. Mtu asiyekuwa tayari kwa hayo, heri auze akwariumu yake kwa mwingine kuliko kuifungua kila mwaka kama kaburi.

Depo inaacha alama yake

Kosa la pili ni kufikiri kwamba kitu kilichokaa kikavu kimebaki kama kilivyokuwa. Depo za Lubumbashi zinahifadhi kila kitu: rangi, saruji, makala, bido za esansi, magunia ya mahindi yaliyowekwa dawa ya wadudu. Panya na mende wanapita, na watu wanapuliza dawa ya kuwaua. Akwariumu tupu inageuka kuwa sanduku la kuwekea vitu. Dawa ya wadudu inaua samaki hata ikiwa kidogo sana, na esansi inaweza kuingia katika silikoni inayoshika vioo na kutoka polepole baadaye. Kwa hiyo swali la kwanza kwa wenye nyumba ni hili: ndani humu kuliwekwa nini? Jibu likiwa dawa ya wadudu au mafuta, uamuzi mzuri ni kutoiwekea samaki tena. Inaweza kuoteshewa maua au kuwekewa vitabu. Hakuna sabuni itakayorudisha uhakika.

Ikiwa ilikaa tupu na kufunikwa, kazi ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Vumbi linaondolewa kwanza kwa torshoni kavu, nje ya nyumba. Mstari mweupe ni chokaa na manyezi iliyobaki maji yalipokauka. Sabuni haiutoi. Unatolewa na vinegre nyeupe au maji ya ndimu: torshoni iliyoloweshwa inabandikwa juu yake kwa nusu saa au saa nzima, kisha chokaa inakwanguliwa kwa kadi ya plastiki, kwa mfano kadi ya zamani ya benki. Wembe unafaa kwa kioo cha kweli peke yake, ukiwekwa mbali na silikoni ya pembeni. Akwariumu ya plastiki haipaswi kuguswa na wembe wala eponji ya chuma, itabaki na mikwaruzo milele. Maji ya moto sana pia hayafai: kioo kilichopoa usiku kucha kinaweza kupasuka kikimwagiwa maji yanayochemka.

Sabuni, javeli na vinegre

Sabuni ya unga na ile ya kuoshea sahani zinafaa kwa nguo na masufuria. Katika akwariumu zinajificha ndani ya silikoni, kwenye eponji ya filtre na katikati ya mawe madogo, kisha zinarudi ndani ya maji. Matamvua ambayo samaki anapumulia yana ngozi laini sana, na sabuni inaiharibu. Ndiyo maana vyombo vya akwariumu, yaani ndoo, torshoni na eponji, vinapaswa kuwa vyake peke yake, visiguse sabuni hata siku moja.

Javeli ina nafasi yake ikiwa samaki wa mwisho walikufa kwa ugonjwa. Hapo kipimo kimoja cha javeli katika vipimo 10 hadi 20 vya maji kinatosha, kwa dakika 15 hivi, kisha kusuuza mara nyingi na kuacha kila kitu kikauke kabisa kwenye jua mpaka harufu iishe. Vimelea vingi vya samaki vinakufa vikikauka, lakini si vyote. Kuna bakteria mmoja, Mycobacterium marinum, anayeweza kuingia katika kidonda cha mkono wa mtu na kumletea ugonjwa wa ngozi unaochelewa kupona. Mwenye jeraha mkononi avae glavu, na watoto wenye vidonda wapewe kazi nyingine siku hiyo.

Jambo moja halina mjadala: javeli na vinegre visikutane. Mtu anamaliza kutoa chokaa kwa vinegre, anaona bado kuna madoa, anamwaga javeli juu yake. Mchanganyiko huo unatoa gesi ya klorini, gesi inayochoma macho na mapafu, na katika bafu ndogo isiyo na dirisha inaweza kumpeleka mtu hospitali. Ni hivyohivyo kwa javeli na asidi ya kusafishia choo. Watoto wanaotumwa kuosha akwariumu hawajui hilo, na mara nyingi mkubwa aliyewatuma naye hajui. Kwa sababu hiyo peke yake, kazi hii haipaswi kuachiwa watoto bila mtu mzima karibu.

Mawe mazuri ya Katanga si ya kila mahali

Baada ya kuosha inakuja hamu ya kupamba, na hapa Lubumbashi ina hatari yake yenyewe. Mji huu unajulikana duniani kwa malakiti, lile jiwe la kijani lenye mistari ambalo mafundi wanalichonga kuwa shanga, mayai na sanamu za wanyama. Linapendeza sana kwenye meza. Wengine wanaliweka ndani ya akwariumu, pamoja na misalaba midogo ya shaba kama ile ambayo mababu wa Katanga walitumia kama pesa. Malakiti ni shaba iliyochanganyika na kaboni na hewa, na katika maji yenye asidi inayeyuka kidogo kidogo. Shaba ni sumu kwa samaki, na kwa konokono na kamba wadogo ni sumu zaidi. Wafugaji wa samaki duniani wanaitumia kama dawa ya kuua vimelea, kwa kipimo kidogo kinachochunguzwa kila siku, kwa sababu tofauti ya dawa na sumu hapo ni nyembamba. Kutupa jiwe zima la shaba ndani ya maji ni kutoa dawa bila kipimo na bila mwisho. Eponji ya kusugulia iliyotengenezwa kwa waya wa shaba nayo isitumike.

Mchanga unastahili swali lilelile. Mchanga uliochotwa kwenye kijito karibu na machimbo, au ulionunuliwa bila kujua ulitoka wapi, unaweza kubeba metali ambazo kuosha kwa maji hakuzitoi. Mchanga wa zamani uliokaa depo na uchafu wa samaki uliokauka ndani yake ni rahisi zaidi kuutupa kuliko kuuokoa. Mimea na konokono wa mtoni visichotwe kwa mikono mitupu, kwa sababu konokono wa maji baridi wanaweza kubeba bilharzia.

Halafu maji yenyewe. Maji ya robine yana klorini, ambayo inalinda watu lakini inachoma matamvua ya samaki. Yakiachwa katika bido au besani iliyo wazi kwa siku moja au mbili, klorini hiyo inatoka. Maji ya foraji ndefu yanayotoka katika mawe ya dolomiti huwa na chokaa nyingi, na hiyo ni habari njema kwa samaki wa Tanganyika, kwa sababu ziwa lao lina maji magumu, pH yake ikiwa karibu na 9. Visima vifupi vilivyochimbwa kwa mkono katika udongo mwekundu mara nyingi vinatoa maji laini yenye asidi, na katika maji ya namna hiyo shaba inauma zaidi. Maji mawili yanaweza kuwa meupe sawasawa ndani ya glasi, moja likafuga samaki na lingine likawaua. Vipande vya karatasi vya kupimia maji ya bwawa la kuogelea vinaonyesha pH na klorini kwa dakika moja. Akwariumu bila kipimo cha maji ni sawa na pikipiki bila breki.

Wakaaji wa Lubumbashi hawahitaji kuelezwa sana kwamba maji yanaweza kudanganya. Mwanzoni mwa Novemba 2025, maji machafu kutoka bwawa la taka la kiwanda kimoja cha madini yaliingia katika mitaa ya komini Annexe, na serikali ikasimamisha kazi za kiwanda hicho kwa miezi 3. Siku zile kila mtu alikuwa anauliza maji haya yana nini ndani yake. Lingekuwa jambo zuri swali hilo lisingoje ajali. Mtoto anayeona baba yake akipima maji kabla ya kuweka samaki anajifunza kuuliza hivyohivyo kuhusu maji ya kunywa.

Uzito na umeme

Silikoni iliyokaa miaka katika joto na baridi ya depo inaweza kukauka na kuachia. Akwariumu ya lita 200 ikijaa inabeba kilo 200 za maji, bila kuhesabu kioo, mchanga na mawe. Ikipasuka sebuleni usiku, hasara ni zulia, televisheni, pengine na mguu wa mtu. Kwa hiyo ijaribiwe nje kwanza, juu ya sehemu iliyonyooka, na magazeti makavu chini yake. Maji yaingie kwa hatua: theluthi moja, kungoja, theluthi ya pili, kungoja, kisha kujaza. Iachwe siku moja au mbili. Gazeti likilowa, siri imefichuka. Kupaka silikoni mpya juu ya ile ya zamani ni kazi bure, kwa kuwa mpya haishiki vizuri juu ya kuukuu. Lazima ya zamani ikwanguliwe yote, itumike silikoni safi isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, na ingoje siku kadhaa kabla ya kuona maji.

Pompu ifunguliwe, kile kidude kinachozunguka ndani kitolewe, kisafishwe kwa vinegre na kusuuzwa. Eponji ya filtre iliyokuwa ngumu au inayovunjika itupwe, na makala ya filtre pia, kwa sababu yalishajaa. Nyaya zikaguliwe urefu wote, maana panya wa depo wanapenda plastiki. Kifaa cha kupasha joto chenye ufa kwenye kioo chake kitupwe bila huruma.

Delestaje inaleta hatari nyingine ambayo vitabu vya Ulaya havisemi sana. Umeme ukiwa umekatika, mtu anaingiza mkono ndani ya maji bila kuchomoa waya, akidhani hakuna hatari. Umeme unarudi bila kubisha hodi. Au maji yanapunguzwa kwa ajili ya kuosha, kifaa cha joto kinabaki hewani, umeme unarudi, kinawaka kikavu na kupasuka. Kanuni ni fupi: kwanza kuchomoa, kisha kuingiza mkono, hata kama mtaa mzima uko gizani. Waya nao uachwe ushuke chini ya prizi kabla ya kupanda, ili tone la maji linalofuata waya lidondoke sakafuni badala ya kuingia ndani ya prizi.

Maji yanahitaji wiki, si saa

Hapa ndipo samaki wengi wanapoangamia, hata kwa watu waliofanya mengine yote vizuri. Samaki akila, anatoa uchafu wenye amonia, ambayo ni sumu. Katika akwariumu iliyozoea, kuna bakteria wanaokaa kwenye filtre na mawe ambao wanaigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo bado ni sumu, na bakteria wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki wanaivumilia mpaka maji yabadilishwe. Bakteria hao hawaonekani, na ndio wafanyakazi wa kweli wa akwariumu. Depo iliwaua kwa ukavu. Javeli ilimaliza waliobaki. Kioo kinachong'aa Jumamosi mchana hakina hata mfanyakazi mmoja.

Kuwarudisha kunachukua wiki 3 hadi 6. Maji yanazunguka na pompu inafanya kazi, chakula kidogo cha samaki kinatiwa kila siku ili kioze na kuwalisha bakteria, na bado samaki hawajaingia. Njia ya mkato ipo, na ni ya udugu: kuomba kipande cha eponji ya filtre kutoka kwa mtu mwenye akwariumu yenye afya, na kukipeleka kikiwa kimelowa. Baada ya hapo samaki wanaingia wawili watatu kwa wakati mmoja, wala si kundi zima. Kwa samaki wa Tanganyika haraka ni mbaya zaidi, kwa sababu katika maji yenye pH ya juu amonia inakuwa na sumu kali kuliko katika maji ya kawaida.

Nchi yenyewe inafundisha subira hiyo. Katika madembo ya Katanga, yale mabonde yanayojaa maji wakati wa mvua, wanaishi samaki wadogo wenye rangi kali wa jamii ya Nothobranchius. Mmoja wao, Nothobranchius malaissei, amepewa jina la François Malaisse, mtaalamu wa mimea aliyefundisha Lubumbashi. Dembo likikauka, samaki wakubwa wanakufa wote, lakini mayai yao yanabaki ndani ya matope makavu, yakingoja miezi hadi mvua irudi. Dembo linaweza kukauka na kurudi kwa sababu matope yake yalihifadhi uhai. Kioo hakihifadhi chochote. Kazi ambayo matope yanafanya kule, hapa mwenye nyumba lazima aifanye kwa muda na uvumilivu.

Samaki wanaobeba majina ya hapa

Wengine watasema: ni samaki tu, na samaki si thomson wa kwenye sahani? Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama samaki hawa wangekuwa wa kawaida. Ziwa Tanganyika lina zaidi ya aina 200 za samaki wa jamii ya siklidi, na karibu zote hazipatikani mahali pengine duniani. Wafugaji wa Ulaya, Marekani na Japani wanalipa pesa nyingi kwa samaki waliovuliwa kwenye miamba ya Moba, Kapampa na Moliro. Wanawaita kwa majina ya vijiji hivyo. Yule mkubwa wa bluu mwenye nundu kichwani bado wanamwita kwa jina la Zaire, jina ambalo nchi yenyewe iliacha mwaka 1997. Anaweza kuishi zaidi ya miaka 10 akitunzwa vizuri.

Kuna jambo la kuumiza hapo. Mtoto wa Hamburg anajua samaki wa Moba anataka maji ya namna gani, na mtoto wa Lubumbashi anamwona akifa kwa siku 5 katika maji ya Jumamosi. Tatizo si pesa peke yake, ni maarifa ambayo hayazunguki. Muuzaji anayetoa samaki na kioo siku moja kwa mteja mmoja anajua mwisho wake. Angemwambia mteja: chukua kioo leo, rudi baada ya mwezi uchukue samaki. Angepoteza haraka ya siku moja, angepata mteja wa miaka. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina watafiti wa samaki katika Kitivo cha Sayansi ya Kilimo, na shule nyingi za mji zina walimu wa biolojia wanaofundisha mzunguko wa nitrojeni kwa chaki peke yake. Akwariumu moja ya kuukuu, iliyooshwa vizuri na kuwekwa darasani, ingeonyesha katika wiki 6 kitu ambacho ubao hauwezi kuonyesha.

Bido 10

Inabaki hoja nzito kuliko zote, na haifai kukwepwa. Akwariumu ya lita 200 inataka bido 10 za lita 20 ili ijae, na kuisuuza kunaweza kula bido nyingine 10. Kuna mitaa ya Katuba, Kenya na Ruashi ambako mama au binti anabeba bido moja moja kichwani. Nyumba ambayo maji yanatafutwa hivyo, isitoe akwariumu depo. Hakuna uzuri wa samaki unaolipa shingo ya mtoto. Kama bado kuna hamu, kioo kidogo cha lita 40 ni bido 2, ingawa maji machache yanaharibika haraka na yanataka uangalizi zaidi.

Kwa nyumba na ofisi zenye maji ya kutosha, bido hizo zinaweza kutumika mara mbili. Maji ya kusuuzia yasiyo na javeli wala chumvi yanafaa kumwagilia mboga, na maji ya kubadilisha kila wiki ni mbolea nyepesi. Kisichofaa ni kumwaga samaki waliobaki katika mto Lubumbashi au kijito cha karibu kwa huruma. Samaki wa mahali pengine akishika mto anaweza kuwaondoa waliozaliwa pale, na mito ya mji huu ina mizigo ya kutosha.

Akwariumu iliyo depo haina haraka. Ilingoja mwaka, inaweza kungoja mwezi mmoja zaidi ikiwa nje, ina maji, pompu inaimba na ndani hakuna kitu cha kuonyesha wageni. Jumapili hiyo wageni watauliza kwa nini haina samaki. Jibu lake ni rahisi: maji bado hayajawa tayari. Nyumba inayoweza kutoa jibu hilo bila aibu ndiyo ambayo samaki wake wataona Julai ijayo.